Turkana Si Ardhi Tupu, Ina Wenyewe

Kuna neno moja ambalo naona limewadhuru watu wa Turkana pengine kuliko ukame wenyewe, nalo ni neno "jangwa". Nimelisikia barazani, nimelisoma magazetini, na nimewasikia wakubwa wakilitamka katika hotuba zao. Mtu akitajiwa Lodwar au Kakuma, mara huona mchanga, mbuzi wawili watatu, na mtoto aliyekonda. Akisha kuona hivyo huwa amekwisha kukata shauri moyoni mwake: hapa hapana kitu, na pasipo na kitu hapana mwenyewe. Basi awezaye na aje achukue.

Fikira hiyo naikataa, na leo nataka kueleza kwa nini. Ardhi ya Turkana ina wenyewe, ina sheria zake, na ina watunzaji wanaojulikana. Ugatuzi ulifika Lodwar mwaka 2013, Turkana ikapata gavana wake na baraza lake. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini utawala huo utakuwa na faida ndogo ikiwa utaishia katika ofisi za Lodwar, usifike chini ya mti ambako watu wale wameamua mambo ya maji na malisho tangu enzi.

Huenda msomaji akauliza: Mombasa na Lodwar, wapi na wapi? Ujirani wetu si wa jana. Mwaka 1888, Teleki, mkabaila wa Hungary, alipofika kwenye ziwa lile na kulibandika jina la Rudolf, mwana wa mfalme wake, hakufika peke yake. Msafara wake ulitoka Pangani, mizigo yake ilibebwa na watu wa Pwani, na mmoja wa viongozi wake wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa misafara aliyejulikana mrima wote. Wazee wetu waliyaona maji yale. Jina la Rudolf lilikaa mpaka mwaka 1975, ndipo likaitwa Ziwa Turkana. Jina basi lilirudi kwa wenyewe. Suala la ardhi ndilo lililobaki.

Tuitazame hiyo ardhi. Kaunti ya Turkana ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja zingeingia humo na nafasi ikabaki. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 926,976. Mvua ni haba na haina miadi. Katika nchi kama hiyo, mtu anayekaa pahali pamoja na kungoja hupotea yeye na mifugo yake. Kwa hiyo Mturkana huhama, na kuhama kwake si kutangatanga. Anajua aende wapi, mwezi gani, na amwombe nani ruhusa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wanaouita ekwar. Kandokando ya mto Turkwel, unaopita Lodwar, na kandokando ya mito mingine ya msimu, imeota miti mikubwa: migunga, mikoma, na ule ambao wao huuita esekon, nasi twaujua sana kwa jina la mswaki. Wakati wa kiangazi, maganda ya mgunga yakianguka ndiyo chakula cha mbuzi. Miti hiyo haiko shaghalabaghala. Kila kipande cha ukingo kina jamaa yake, na haki hiyo hurithiwa na watoto. Mgeni hupita, hunywesha, lakini hawezi kukata tawi wala kutikisa maganda bila ya idhini. Aliyeliacha ekwar lake miaka mingi bila ya kulitumia huweza kuipoteza haki yake, maana haki inakwenda pamoja na kazi ya kutunza. Edmund Barrow, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi Turkana katika miaka ya 1980, aliyaandika mambo haya akayachapisha mwaka 1990, ili maofisa wenzake wajue kwamba msitu ule haukungoja idara ije kuulinda.

Tena kuna malisho wanayoyaita amaire, yanayofungwa wakati wa majani na kufunguliwa wakati wa shida. Waliosoma habari za Bara Arabu watakumbuka hima, malisho yaliyowekewa mpaka ili yasimalizwe kabla ya siku ya haja. Watu wawili walio mbali, wenye nchi kavu zinazofanana, walifikia akili moja. Na juu ya yote kuna mti wa wanaume, ambapo wazee hukaa, hubishana, na kukata shauri ni nani apeleke ng'ombe mlimani na ni nani ashuke mtoni. Je, hiyo si serikali? Haina bendera wala karani, lakini ina mipaka, ina amri, na ina adhabu kwa mkaidi.

Wakoloni hawakuiona hivyo. Kwao Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii ila kwa kibali, na pahali pa kutupia watu wasiotakiwa kwingine. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar na kuwekwa huko chini ya kizuizi mpaka 1961, alipopelekwa Maralal. Uhuru ulipokuja, ardhi ikawekwa mikononi mwa baraza la wilaya kuwa amana kwa ajili ya wenyeji. Lakini aghalabu amana ile ilijulikana na makarani kuliko wenyewe wenye mali.

Ndipo ikaja mipango ya wataalamu. Huko Kalokol, ukingoni mwa ziwa, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki ili wafugaji wawe wavuvi. Gharama za kugandisha zilishinda bei ya samaki, na katika miaka ya 1980 maji ya Ghuba ya Ferguson, ambako samaki walikuwa wakivuliwa, yakarudi nyuma mpaka ghuba ikakauka. Nia ya wafadhili ilikuwa njema. Lakini jengo lile kubwa likabaki kama jahazi lililopwelewa, ilhali mbuzi waliodharauliwa wakaendelea kuwalisha watu.

Mfano wa pili unatugusa sisi wenyewe. Mti unaoitwa mathenge, uliojaa miiba, uliingizwa Kenya mwaka 1973, na mbegu zake za kwanza zilipandwa hapa petu, Bamburi, ili kufunika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji. Katika miaka ya 1980 ukapelekwa nchi kavu, Turkana, Baringo na Tana, kuzuia jangwa. Ulishika vizuri mno. Kingo za mto Turkwel zilizokuwa na ekwar za watu zikaanza kufungwa na vichaka visivyopitika. Kule Baringo, mwaka 2006, wenyeji waliishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda ya mti huo. Watu walicheka. Mimi naona mbuzi yule alikuwa shahidi mwaminifu kuliko ripoti nyingi. Laiti wenye ekwar wangaliulizwa kwanza wanataka mti gani, na uote wapi.

Sasa tuje Kakuma. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongomani, Warundi na wengineo, na leo Kakuma pamoja na makao ya Kalobeyei ina watu karibu 300,000. Sisemi neno baya juu ya mkimbizi. Mwislamu yeyote anajua kuwa hijra ni jambo la kukimbia dhuluma, na anayekimbia ana haki ya kupokewa. Waturkana waliwapokea. Wanawake wao huingia kambini na kuni na makaa, hutoka na mahindi na unga, na undugu wa soko umekuwapo ingawa magomvi nayo yamekuwapo.

Lakini kumpokea mgeni ni jambo moja, na kuulizwa juu ya nyumba yako ni jambo jingine. Mwaka 1992 haikuwapo sheria ya kumwezesha mchungaji wa Kakuma kusimama na kusema: hapa ni malisho yangu ya kiangazi, nitayatoa kwa masharti haya na haya. Mwaka 2015, yalipotafutwa makao mapya ya Kalobeyei, mambo yalikwenda vizuri kidogo. Serikali ya kaunti na wazee walizungumzwa nao, zikatolewa hekta zipatazo 1,500, na mpango ukawa kwamba shule, maji na zahanati viwafae wageni na wenyeji pamoja. Mwaka 2025 serikali ilitangaza Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe miji. Jina lenyewe ni letu, na maana yake twaijua: shirika ni watu wawili kutia mali zao pamoja kwa kukubaliana. Basi ikiwa mmoja ametia ardhi na hakuwekwa kwenye mapatano, hilo haliwezi kuitwa shirika.

Ama kuhusu mafuta, hadithi ni ndefu. Mwaka 2012 kampuni ya Tullow iliyapata huko Lokichar, kusini ya Lodwar. Mwezi wa Juni 2018 malori yakaanza kuyabeba kwa barabara mpaka Changamwe. Watu wa Mombasa waliyaona kwa macho yao. Mwezi huo haujaisha, wakazi wa Turkana waliyazuia njiani, wakidai usalama na haki zao, na safari zikasimama mpaka Agosti. Shehena ya kwanza, mapipa 240,000, iliondoka bandari ya Mombasa Agosti 2019. Mwaka 2025 Tullow iliuza haki zake za mafuta kwa kampuni ya Gulf Energy. Kampuni huja na kwenda, mashimo hubaki.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 iligawa fungu la serikali hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii. Wengi walipigania hiyo 75 na 20. Mimi nauliza juu ya hiyo 5. Jamii ni nani? Sheria hiyo huitazama jamii kuwa ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo yanamochimbwa mafuta. Sasa karani aliyehamia Lokichar mwaka jana yumo ndani, na mchungaji ambaye malisho yake ndiyo yaliyowekewa uzio, lakini kiangazi hiki kimempeleka milima ya Loima, ataulizwa unakaa wapi. Asiyekuwapo na lake halipo. Nao wafugaji, kwa desturi ya maisha yao, daima kuna pahali hawapo.

Dawa ya jambo hili ipo, imeandikwa, na imelala. Katiba ya mwaka 2010 iliitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaeleza njia. Jamii hujiandikisha, hufanya mkutano wa watu wazima wote, huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, hupimiwa mipaka na kupewa hati. Mwekezaji akija, mapatano naye hayafai mpaka theluthi mbili ya watu wazima wakubali. Na kwa ardhi ambayo haijaandikishwa, serikali ya kaunti huishika kuwa amana tu. Hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza iwe mali ya mtu binafsi.

Wasomaji wangu hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana twaijua wakfu. Msimamizi wa wakfu hushika funguo, hukusanya kodi, hutengeneza paa; lakini nyumba si yake, na akiiuza amekhini. Serikali ya Kaunti ya Turkana, juu ya ardhi isiyoandikishwa, imesimama pahali pa msimamizi huyo. Ni ya wenyeji, imechaguliwa na wenyeji, nayo imefanya mengi ambayo Nairobi haikuyafanya kwa miaka 50. Hata hivyo gavana si mwenye ekwar. Usimamizi ukikaa muda mrefu bila ya mwenye mali kuandikwa jina lake, msimamizi husahau, na warithi wake husahau zaidi.

Nani ajuaye haya kuliko sisi? Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa Pwani. Mwenye madai alitakiwa aende akajiandikishe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya taji la Uingereza. Waliojua kalamu, wakili na njia ya ofisini walipata. Wengi waliokuwa wakilima na kuvua pale pale walipozaliwa hawakupata, na wajukuu wao mpaka leo huitwa maskwota katika ardhi ya babu zao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya kwetu, na tumeilipia.

Pia tumeona upande wa pili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu, wapatao 4,600, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa bahari yao na ujenzi wa bandari. Mvuvi hana hati ya bahari. Mahakama ilikubali kwamba desturi yake ya kuvua ni haki. Ikiwa bahari yaweza kuwa na wenyewe, vipi malisho yakose?

Mbali kabisa, Kanada, kuna watu waitwao Wakri, wawindaji wa nchi ya baridi kali. Mwaka 1971 serikali ya Quebec ilitangaza itajenga mabwawa makubwa ya umeme katika mito yao, bila ya kuwauliza. Wao pia waliambiwa nchi yao ni tupu. Wawindaji wakaenda mahakamani, wakaeleza mto kwa mto na mnyama kwa mnyama, na mwaka 1973 jaji Albert Malouf akasimamisha ujenzi. Amri yake ilidumu wiki moja tu kabla ya kubatilishwa. Hata hivyo iliilazimisha serikali kukaa mezani, na mwaka 1975 mapatano yakatiwa sahihi. Mabwawa yalijengwa, na ardhi nyingi ilizama; nisifiche hilo. Lakini Wakri walipata utawala wao, na mapatano yakamtambua mwangalizi wa kila eneo la kuwinda, yule mzee anayejua ni wanyama wangapi waachwe mwaka huu. Mwaka 2002 walifunga mapatano mengine ya miaka 50 na Quebec, yakiwapa fungu katika mali inayotoka ardhini kwao na kauli katika ukataji wa misitu. Mwangalizi yule ni ndugu wa mwenye ekwar. Tofauti ni kwamba yeye jina lake limo katika mkataba.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema: wafugaji huhama, mtawaandikisha wapi? Jibu ni kuandikisha maeneo makubwa, kwa kadiri ya vile wao wenyewe wanavyogawanyika, na kuandika humo humo haki ya jirani kupita na kulisha wakati wa ukame. Kukata vipande vidogo kama viwanja vya mjini kutaua ufugaji kwa haraka kuliko ukame.

Wa pili atasema: mpaka ukiandikwa, vita na Wapokot na Watoposa vitazidi. Hofu hiyo ina haki, na kwa hiyo mipaka ianzie katikati ambako hakuna ugomvi, na ya pembeni ifanywe baada ya wazee wa pande mbili kukaa. Lakini kuiacha ardhi bila ya maandishi hakujaleta amani.

Wa tatu, naye ana nguvu zaidi, atasema: wazee nao hununulika, na chini ya mti wa wanaume wanawake hawakai. Kweli. Mwanamke ndiye achotaye maji, ajengaye nyumba, na ajuaye mti gani una dawa. Hapo ndipo sheria ya 2016 inaposaidia desturi, kwa kuwa mkutano wake ni wa watu wazima wote, waume kwa wake. Mti ubaki, na kivuli chake kipanuliwe.

Basi nini kifanywe? Wapimaji na maofisa wa usajili wapelekwe Turkana kwa wingi, nao wazungumze Kiturkana au wawe na wakalimani, na mikutano ifanywe msimu ambao watu wamerudi kutoka malishoni. Ekwar na amaire ziandikwe kwa majina yake katika daftari za jamii. Fungu la asilimia 5 lisigawanywe mpaka wenyewe wajulikane. Na katika Mpango wa Shirika, hekta moja isitolewe Kakuma ila kwa kura ya mkutano wa wenye malisho.

Kuna methali ya wahenga wetu: usiache mbachao kwa msala upitao. Mafuta ni msala upitao, visima vitakwisha. Misaada ya kambi nayo imeanza kupungua. Kinachobaki Turkana ni mgunga, mto, malisho, na watu wanaojua kuvitunza. Wapewe hati yao wakati bado wana cha kuandikia.